Laga ya 1829 iliyozaliwa 1987

Wadau, nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, kazi za watu zilinibana. Leo narudi na ugomvi, na ugomvi wenyewe unaanzia kwenye glasi. Wasiotumia kilaji wanisamehe, ingawa nadhani hata wao utawahusu, maana kwa sehemu kubwa ni habari ya sisi tunaoandika na uvivu wetu.

Niko Philadelphia, kama wengi wenu mnavyojua. Hapa ukiingia baa ya mtaani, zile zenye kaunta iliyochubuka na televisheni tatu zinazoonyesha mpira ule ule, ukasema "nipe laga", hakuna atakayekuuliza laga gani. Mhudumu anakwenda kwenye bomba anakukingia Yuengling. Inatamkwa "Yingling", msije mkaaibika kama mimi siku ya kwanza. Laga ni jina la ukoo mzima wa bia. Tusker ni laga, Kilimanjaro ni laga, Safari ni laga. Lakini huku limekuwa jina la bia moja, kama vile kwetu mtoto anavyotumwa dukani kununua "Colgate", akarudi na dawa ya meno ya kampuni nyingine na hakuna anayelalamika.

Bia hiyo asili yake ni Pottsville, mji mdogo wa machimbo ya makaa ya mawe, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa. Watu wa Pennsylvania wanaipenda kwa ushabiki wa Simba na Yanga. Ukiikosoa mbele yao unaulizwa umetokea wapi.

Basi bwana, miezi michache iliyopita nilipewa kazi ya kuandika makala fupi kuhusu bia za mikoani Marekani. Chapisho lenyewe sitalitaja. Mhariri alitaka maneno mia nne kabla ya jioni. Nikaandika, pamoja na mengine, sentensi hii: "Laga hii ya rangi ya kaharabu inapikwa vile vile tangu mwaka 1829." Nikalipwa, nikala, nikasahau.

Wiki chache baadaye, kwenye hitma ya ndugu mmoja, nikakutana na mzee wa Tanga ambaye ameishi mji huu miaka mingi kuliko umri wangu. Siku za ujana wake, mwenyewe anasema, alikuwa akipita baa kabla ya kupita nyumbani. Nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Nimesoma habari yako ya bia."

Nikajichekesha, nikisubiri sifa.

"Mimi nimeshuka hapa mwaka 1984. Siku zile hapakuwa na mtu anasema 'nipe laga' akapewa hiyo. Ilikuja baadaye, mimi nikiwa tayari mwenyeji. Sasa hiyo 1829 yako uliikuta wapi?"

Niliikuta kwa waandishi wenzangu, ambao nao waliikuta kwa wenzao. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli, na sikulitoa. Nilisema kitu fulani kuhusu tovuti, mzee akatikisa kichwa, akaendelea na pilau yake.

Hebu tuweke mambo sawa, maana hapa ndipo wengi tunapoteleza. 1829 ni mwaka wa kweli, ila ni mwaka wa kiwanda. David Yuengling, Mjerumani kutoka Aldingen huko Württemberg, ambaye kwao jina liliandikwa Jüngling, ndiye aliyeanzisha kiwanda Pottsville mwaka huo. Kikaungua 1831. Akajenga kingine mtaa wa Mahantongo, kwenye ubavu wa kilima, na mapango yakachimbwa ndani ya kilima ili bia ikae kwenye ubaridi. Kiwanda kipo mpaka leo na ukoo ule ule ndio wenye mali. Kwa hiyo kibandiko kinapojisifu kwamba hiki ndicho kiwanda cha bia kikongwe kuliko vyote Marekani, kinasema kweli. Kibandiko nimekisamehe.

Kinachoniudhi ni kile kiruko kidogo kutoka "kiwanda kikongwe" mpaka "bia kongwe". Laga tunayokingiwa leo, Traditional Lager kwa jina kamili, ilitolewa mwaka 1987. Richard Yuengling Mdogo, kizazi cha tano, alikuwa amenunua kiwanda kutoka kwa baba yake mwaka 1985, wakati ambapo viwanda vidogo vya mikoani vilikuwa vimekufa kwa wingi, vimemezwa na wakubwa. Alihitaji bia ya kumwokoa. Kampuni inasema waziwazi kwamba laga "ilirudishwa" mwaka huo, kwa kuwa zamani walikuwa na laga yao wakaja kuiacha. Sawa. Lakini kitu kilichoachwa kwa miongo, kikarudishwa 1987, mimi ninakiitaje kitu kilichopikwa "vile vile tangu 1829"? Sentensi ile hakuna aliyenidanganya nayo. Niliitunga mwenyewe kwa sababu ilikaa vizuri mdomoni.

Halafu kuna hili, ambalo lingenistua kama ningefikiri dakika mbili. Laga ni bia inayotegemea hamira ya aina yake, inayofanya kazi kwenye baridi na polepole, kisha bia inalazwa kwa majuma. Jina lenyewe limetokana na neno la Kijerumani la kuweka ghalani. Hamira hiyo haikuwepo Marekani mwaka 1829. Anayetajwa kuwa wa kwanza kupika laga nchi hii ni John Wagner, mpishi wa bia kutoka Bavaria, aliyekuja na hamira yake akapika hapa hapa Philadelphia mwaka 1840. Kuna kibao cha kumbukumbu mtaa wa Northern Liberties, nimepita mbele yake mara nyingi nikiwa na haraka zangu. Na laga ya rangi ya kaharabu, yenye kimea kilichokaushwa mpaka kikapata wekundu kidogo, ni jambo la Anton Dreher wa Vienna, 1841. Maana yake David Yuengling alipofungua kiwanda chake alikuwa anapika bia za ukoo mwingine kabisa. Nilikuwa nimempa marehemu bia iliyokuwa haijazaliwa.

Nilikwenda Pottsville baada ya aibu ile. Kama unapanga kwenda, vaa viatu vya kufunika vidole, mwenye ndala hapiti. Ndani panapendeza: dari la vioo vya rangi juu ya chumba cha kupikia, na yale mapango yenye ubaridi wa kukufanya utamani koti katikati ya kiangazi. Enzi za marufuku ya pombe, kati ya 1920 na 1933, ukoo huu uliokoka kwa kupika bia isiyo na kilevi na kwa kufungua kiwanda cha maziwa na aiskrimu ng'ambo ya barabara. Marufuku ilipoisha walipika bia waliyoiita Winner na kumpelekea Rais Roosevelt shehena nzima ya shukrani.

Hapo kuna mzaha ambao kila mwandishi anaurudia, nami niliurudia: laga huchukua majuma kuiva, sasa shehena ilikuwaje tayari mapema hivyo? Kisha unakonyeza jicho. Jamani. Bia isiyo na kilevi wakati ule ilitengenezwa kwa kupika bia ya kawaida kwanza, kisha kilevi kinatolewa. Mwenye kiwanda cha aina hiyo alikuwa na bia kamili matangini kihalali kila siku ya Mungu. Inawezekana yapo mengine nyuma ya pazia, lakini mzaha wenyewe hauthibitishi kitu. Tunaupenda kwa sababu unatupa aya ya kufungia.

Sasa tuje kwenye glasi, maana katika maneno yangu mia nne yale kuhusu bia hapakuwa na neno hata moja la ladha. Hata moja! Sijui kama mwandishi wa mpira angeripoti mechi kwa kueleza mwaka uwanja uliojengwa.

Niliinywa mara nne kabla ya kuandika haya. Ya bomba, kiwandani na kwenye baa mbili, na ya kopo, nyumbani. Rangi ni ya chai ya rangi iliyowekewa majani kidogo, ile ambayo ukiinua kikombe cha kioo dirishani unaona wekundu. Inang'aa, haina ukungu. Povu ni jeupe kwa mbali kuelekea maziwa, linasimama kidogo kisha linakaa. Harufu ndiyo iliyonichekesha. Juu kuna ukoko wa mkate, na sukari guru iliyoanza kuungua. Halafu chini yake, ukituliza pua, mahindi ya kuchemsha. Yale ya kandokando ya barabara, sufuria linapofunuliwa.

Mdomoni inaanza kwa utamu, utamu mwepesi wa kimea, na karibu na mwisho inakuja hopsi kidogo tu ya kuufuta utamu huo. Uchungu ni mdogo mno. Mwenye kuzoea zile IPA za siku hizi zenye uchungu wa shubiri atasema hakuna kitu hapa. Mwili wake ni mwembamba, kilevi ni asilimia 4.5, na inaondoka haraka bila kuacha deni. Ya bomba, baridi, pamoja na kitu chenye chumvi na mafuta, tuseme ule mkate wa nyama na jibini wa mji huu, ni bia nzuri. Nasema nzuri, na nimeipima neno hilo. Glasi ya pili bado ni nzuri. Ikipata joto lakini, balaa. Utamu unatanuka, mahindi yanapanda juu, na unabaki na kitu kinachofanana na maji ya uji uliosahaulika. Wale wa nyumbani mnaomwambia mhudumu "nipe ya moto", bia hii si yenu.

Ya kopo niliipenda kidogo kuliko ya bomba. Ilikuwa na utamu zaidi, au labda ni friji yangu.

Nilifanya pia jaribio la kihuni. Niliwaita jamaa watatu, nikamimina bia kwenye vikombe vya bati vya chai ili rangi isionekane. Moja Yuengling, moja Samuel Adams Boston Lager, moja laga nyeupe ya kawaida ya hapa, zile za kila kituo cha mafuta. Bila majina, wawili kati ya watatu waliiweka Samuel Adams juu, kwa kuwa ina kimea kingi na hopsi inayosikika. Mmoja akaiweka Yuengling juu kwa sababu, anasema, "haichoshi". Hakuna aliyezungumzia historia.

Mzunguko wa pili nikafanya uhalifu. Nikampa jamaa yangu wa Mwanza kikombe cha Samuel Adams nikamwambia, hii sasa ndiyo ile ya 1829. Akanywa, akafumba macho, akasema: "Ee bwana, unausikia kabisa ukale." Samuel Adams ni bia iliyotoka mwaka 1985. (Nayo inauzwa kwa hadithi ya mapishi ya babu wa mababu wa mwenye kampuni, Jim Koch. Kila mtu huku ana babu.) Nilicheka mpaka nikamwagikiwa, kisha nikanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika ukale ule ule gazetini bila hata kufumba macho.

Msidhani mashabiki peke yao ndio wamepotea. Upande wa pili wako wajuzi, wanaoonja kwa kunusa na kutema na kutoa alama. Hao wakiiona Yuengling wanasonya. Shtaka lao kubwa ni mahindi: eti bia ya kweli ni kimea cha shayiri tu, mahindi ni kurahisisha gharama. Nimesoma hukumu za namna hiyo ambazo nina hakika ziliandikwa kabla kopo halijafunguliwa.

Hebu tuwaulize historia, maana wanaipenda. Wajerumani waliofika Marekani karne ya 19 walikuta shayiri ya hapa, ile ya mistari sita, ina protini nyingi kuliko waliyoizoea. Bia ikawa nzito na yenye ukungu. Wakachanganya mahindi au mchele kuipunguza makali, wakapata laga nyepesi inayong'aa. Hilo lilishakuwa jambo la kawaida kabla ya karne ile kwisha. Kwa hiyo katika glasi hii, kitu kinachodharauliwa kuwa ujanja wa kisasa ni mahindi, na mahindi ndiyo yenye uzee wa haki. Mashabiki wanaimba 1829 ambayo haimo, wajuzi wanasonya mahindi ambayo ni ya kale kweli, na wote wawili wanaacha bia ipate joto.

Kuna kituko kingine. Chama cha wapika bia wadogo cha Marekani, Brewers Association, ndicho kinachoamua nani anahesabiwa mpishi wa "bia ya ufundi". Kwa miaka mingi kanuni zake ziliwafungia mlango wanaopika bia zao kuu kwa mahindi au mchele, na Yuengling ikawa nje. Mwaka 2014 kanuni hiyo ikaondolewa. Orodha iliyofuata ya wakubwa wa bia ya ufundi ikatoka, nani yuko namba moja? Yuengling. Hamira ile ile, mahindi yale yale, kopo lile lile. Jumatatu si ufundi, Jumanne ni mabingwa wa ufundi. Na huo "udogo" wenyewe una kikomo cha mapipa milioni 6 kwa mwaka. Pipa moja la kwao ni lita 117 hivi, kwa hiyo mdogo anaruhusiwa kufikia takriban lita milioni 700. Kweli wadogo wa Marekani wana mabega.

Mimi sina shida na chama kubadili kanuni zake, ni mali yao. Shida ni kwamba magazeti yakabadili vivumishi siku hiyo hiyo. Bia iliyokuwa "ya kawaida" ikawa "ya kifundi" bila mtu kuonja upya.

Na neno "ya mkoani", lile nililolipwa nalo? Tangu 1999 kampuni ina kiwanda Tampa, Florida, kilichonunuliwa kutoka kwa Stroh. Mwaka 2020 iliungana na Molson Coors, mmoja wa majitu ya bia duniani, kwenda magharibi, na 2021 laga hii ikaanza kuuzwa Texas ikiwa imepikwa huko huko Fort Worth kwenye kiwanda cha Molson Coors. Sioni dhambi. Mfanyabiashara aliyeokoka wakati wenzake wanazikwa ana haki ya kukua. Lakini mtu wa Texas anayeinua kopo lenye tai wa Pottsville akidhani anakunywa maji ya mlima wa Pennsylvania, kuna mwandishi mahali fulani aliyemsaidia kudhani hivyo.

Mtaniuliza, sasa ungeandika nini katika maneno yale mia nne? Ningeandika kwamba kuna mtu alirithi kiwanda chakavu kwa kukinunua, akatoa laga tamu yenye wekundu wakati nchi nzima inakunywa bia za rangi ya majani makavu, na mji mzima wa Philadelphia ukaipenda mpaka ukaipa jina la ukoo mzima. Hiyo ni habari kubwa kuliko ya babu! Ilifanyika ndani ya umri wa mzee wangu wa Tanga, mbele ya macho yake, na yeye anaikumbuka. Ningemnukuu. Ningesema ina ladha ya ukoko na mahindi, inywewe baridi, usiikalie. Na kama mtu anataka kweli kitu kinachonukia karne ile, ajaribu Porter yao, nyeusi, ambayo ilikuwepo Pottsville muda mrefu kabla ya 1987 na ambayo baa nyingi hapa hata hawaiweki.

Nilimwandikia mhariri kuomba sentensi ile irekebishwe. Alijibu siku tatu baadaye kwamba makala imeshapoa, na kwamba "kiini chake kiko sawa". Nikamwandikia tena nikimwekea mwaka wa kiwanda, mwaka wa laga, na mwaka wa John Wagner, kila kimoja mstari wake. Bado nasubiri.

Mzee wa Tanga nilimtembelea Jumapili iliyopita, nikamwambia alikuwa sahihi. Siku hizi hanywi, amekwenda Makka amerudi. Akaniuliza hiyo bia bado ina ule utamu wa mwanzoni. Nikamwambia bado unao. Akasema, "Enhee," akanimiminia tangawizi.